Jina Lililoitwa Langoni

Kwanza ilikuwa harufu, na aliyeisifia ni Mama.

"Leo nyumba inanukia shati la mdogo wako," alisema asubuhi ile, ameinama jikoni anapuliza makaa. Akatabasamu. Tangu msiba hakuwa ametabasamu.

Kobe akavuta hewa puani. Haikuwa kunukia, ilikuwa kunuka. Ilikuwa harufu ya jiwe lililoloa, ya kuvu na manyoya, ya mkojo wa pimbi uliogandia kwenye mwamba mpaka ukawa mweusi kama lami. Mtu aliyekulia milimani haikosei harufu hiyo, ni ya mapango ya juu. Na nyumba yao ilikuwa bondeni, mtaa wa maseremala, ambako harufu ya halali ni vumbi la mbao na gundi.

"Labda ni koti langu," alisema.

"Koti lako liko nje, Kobe. Nimelianika mwenyewe."

Kobe akanywa chai ikamuunguza ulimi. Alijua harufu ile imeingiaje ndani. Tena alijua nani aliyeifungulia mlango.

Niseme kwanza habari ya majina, maana humo ndimo balaa lilimopitia. Mama huyu hakuwaita wanawe majina ya kwenye vyeti. Mkubwa alimwita Kobe, kwa kuwa alichelewa kutembea, na hata alipoanza hakuona sababu ya kuharakisha. Mdogo alimwita Pimbi, kwa kuwa alijua kupanda ukuta kabla hajajua kushuka, akawa anashushwa analia. Majina yakawaganda, mpaka wageni wakayatumia. Baba yao alikuwa kiongozi wa milimani, akafa na kikohozi chake kitandani, akawaachia wanawe kamba, viatu na kazi. Wakawa wanawapandisha wageni kwenye safu ile yenye meno, kuwaonyesha mbuzi mawe wamesimama kwenye ncha za kwato, na tai wanaozunguka bila kupiga bawa, na kuta za mawe zilizojengwa bila udongo na watu ambao hata babu zetu waliwaita wa kale, na mapango yenye viganja vyekundu ukutani, vikubwa kwa vidogo, vidole vimetanuliwa. "Hawakujua kuandika," Kobe aliwaambia wageni. "Walibandika mkono kusema, nipo."

Kobe alitangulia, Pimbi alifunga nyuma. Wageni walimpenda Pimbi zaidi, na Kobe hakumwonea kijicho, kwa sababu hata yeye alimpenda Pimbi zaidi.

Kisha ukaja ule mchana wa ukungu. Mgeni mmoja aliangusha kofia, Pimbi akasema, "Nendeni tu, nawafikia," akarudi kuiokota. Ukungu ukajifunga nyuma yake kama pazia. Ilipopatikana kofia ilikuwa ukingoni mwa korongo, na korongo lile kamba hazifiki chini. Walitafuta mpaka viganja vikachubuka. Hakupatikana hata kiatu. Mama hakupewa maiti wa kumlilia wala kaburi la kutupia udongo, akabaki na kitanda kilichotandikwa.

Sasa, juu kule njia inapoanza kushuka kuna rundo la mawe. Viongozi wanaliita Lango. Ni la zamani kuliko njia yenyewe, na lina desturi yake. Kundi likiteremka, kiongozi husimama hapo akaita kila mtu kwa jina. Mtu huitika "nipo", huweka jiwe, hupita. Mwisho kiongozi hujiita mwenyewe, hujiitikia, huweka lake. Wageni huona ni mchezo, wanacheka. Wanaojua hawacheki. Wenyewe wa mlima, walisema wa kale, hawana majina, na hayo ndiyo wanayoyatamani. Jina likiitwa pale na mwenyewe hayupo, kiongozi lazima aseme neno moja upesi: hayupo. Asipolisema, jina litaokotwa.

Siku walipokata tamaa ya kutafuta, Kobe aliteremka na wapagazi wawili tu, Jembe na Mswaki. Langoni akasimama kama alivyosimama maisha yake yote.

"Jembe?"

"Nipo."

"Mswaki?"

"Nipo."

Na mdomo, kwa mazoea yake, ukaendelea. "Pimbi?"

Wapagazi wakainamisha vichwa kwa huruma. Na nyuma yao, ndani ya ukungu, sauti ikasema huku ikihema, kama ya mtu aliyekuwa anakimbia kuwafikia, "Nipo, kaka."

Mswaki akanong'ona bila kugeuza shingo, "Kiongozi, sema hayupo. Sema sasa hivi."

Lakini Kobe hakuwa mtu wa upesi. Alilitafuta neno lile kifuani, akalikosa. Alichokikuta mle ni shukrani. Akainama, akaokota jiwe, akaliweka juu ya rundo kwa niaba ya mdogo wake. Wakateremka. Wapagazi walikwenda kwa mwendo wa kukimbia na hawakurudi tena kazini kwake. Kobe alisikia nyayo nyuma yake njia nzima, na Mungu amsamehe, zilimfariji.

Ndiyo maana asubuhi ile chai ilimuunguza.

Baada ya harufu yakaja maji. Kitanda cha Pimbi kikawa kimeloa kila asubuhi, kimeloa kwa umbo la mtu aliyelala kiubavu na kujikunyata. Mama akalianika godoro bila kuuliza, akatandika tena. Kisha ikaja miluzi, ule mluzi wa Pimbi wa kuwahimiza wageni, ukisikika mara bafuni, mara darini. Pimbi wenyewe, wanyama, walishuka milimani wakajipanga juu ya ukuta wa uani, jambo ambalo seremala wa jirani aliapa hajaliona tangu azaliwe. Walikaa wanatazama mlango wa chumba kile, kimya, mbavu zinapanda na kushuka. Halafu mmoja akapiga ukelele na wote wakatimka kwa pamoja, na hawakuonekana tena.

Na Mama alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomtesa Kobe. Alifagia akiimba kwa pua. Alipika cha watu watatu, akaingia na sahani nyuma ya pazia la chumba kile, akatoka na sahani imejaa vilevile, chakula kimepoa kama kilichokesha nje.

"Hajambo?" Kobe aliuliza mara moja, akijichukia.

"Analalamika baridi," Mama alisema. "Si unajua huko juu kulivyo."

Alikuwa anakonda. Vidole vyake viligeuka rangi, midomo ikapasuka kama ya mpandaji aliyelala nje bila turubai. Alipompa Kobe kikombe, mkono wake ulikuwa baridi kuliko maji ya mtungi. Na alasiri moja ya jua kali, maseremala nje wamevua mashati, Kobe akamwona Mama akipumua na pumzi yake ikaonekana, moshi mweupe, ikapanda na kupotea mbele ya uso wake.

Alasiri hiyohiyo akasogea mpaka kwenye pazia, akasikiliza.

"Bado baridi, baba?" Mama alikuwa ananong'ona.

"Bado, Mama."

"Nikuongeze blanketi?"

"Niongeze."

"Zimeisha, mwanangu. Nimekufunika zote."

"Basi nifunike wewe."

Kobe akashika ukingo wa pazia, akalifungua upana wa jicho, na akaona blanketi zote za nyumba zimerundikwa juu ya kitanda, hata ile ya kwake, zikivuja matone sakafuni, na Mama amelala juu yake amezikumbatia kama mtu anayekumbatia mtoto mwenye homa, na chini yake kitu kilikuwa kinajigeuza polepole kutafuta joto, kikisaga, mlio wa jiwe juu ya jiwe, na ukutani juu ya kichwa chake kulikuwa na viganja, viganja vya maji, vidole vimetanuliwa, vikubwa kwa vidogo, vimeanzia usawa wa kitanda vikapanda mpaka darini, na kimoja, cha juu kabisa, kilikuwa bado kinabandikwa na mkono usioonekana.

Aliachia pazia. Akatoka nje, akapita kwenye maranda ya seremala bila viatu.

Mtaa wa pili kulikuwa na fundi cherehani mwanamke aliyeshona sare za shule mbele, na chumba cha nyuma akawatazama watu wenye mambo yasiyoshoneka. Alimsikiliza Kobe na pini mdomoni, miguu inapiga pedali. Kobe alipomaliza, fundi akatoa pini moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kimto chake cha pini.

"Jini halivunji mlango," alisema. "Linakaribishwa. Wewe umelivisha jina la marehemu, suti ya kuazima, na unalilaumu kwa kuivaa."

"Naomba unisaidie, mama. Mama yangu anakwisha."

"Atakwisha, ndiyo. Baridi ya kile kitu si ya kufunikwa. Litavuta joto lake lote, na akishakufa litasema bado."

"Nifanye nini?"

"Kazi yako. Lipandishe ulikolitoa, uliite, likiitika useme ulichopaswa kusema siku ile. Jiwe ulilomwekea uliondoe." Akamtazama juu ya miwani. "Na useme kwa moyo. Neno la mdomoni halishoni kitu. Wewe hujawahi kusema mdogo wako amekufa, sivyo? Hata hapa umesema 'tangu mambo yale'."

Kobe akainamisha uso. Fundi akalainika kidogo.

"Pole, baba. Sikiliza la mwisho. Ukishalitoa, kila mtu na akae kwenye jina lake. Mwenye kufa na lake, mwenye kuishi na lake. Jina lililoachwa wazi ni mlango uliosindikwa tu, haukufungwa. Na hicho kitu sasa kinaijua njia ya kwenu."

Nyumbani alimkuta Mama amekaa kizingitini, anapata pumzi. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, yule si Pimbi."

"Najua," alisema Mama.

Kobe akaketi kando yake.

"Mtoto nimemzaa mimi, utanifundisha wewe? Pimbi hajawahi kuingia nyumba hii asiulize goti langu. Huyu hajaniuliza hata siku moja." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Lakini sauti ni yake, Kobe. Mlinirudishia kofia ya mgeni. Mimi nilikuwa na nini kingine?"

"Itakuua."

"Na ninyi mnadhani sasa hivi naishi?"

Mama akamshika shavu kwa ule mkono wa barafu. "Mchukue," alisema. "Ila usimfokee. Ana sauti ya mwanangu."

Kobe hakulifokea. Alivaa viatu, akatundika kamba begani, akasimama mbele ya pazia. "Pimbi," alisema, "twende kazini. Mimi natangulia, wewe funga nyuma." Na pazia likatikisika, maana kitu kilichovaa jina la mtu lazima kifanye na kazi yake.

Walipanda asubuhi ya mawingu. Kobe hakugeuka. Alipita kuta za watu wa kale, akapita pango la viganja, na kwa mazoea mkono wake ukanyooka kuonyesha, kama kuna wageni. Mbuzi mawe waliokuwa kwenye mteremko waliganda, kisha wakaruka kwa mpigo upande wenye genge, afadhali genge. Hapakuwa na ndege. Nyuma yake nyayo zilikuja, sasa nzito, sasa nyepesi, zikikosea mwendo na kuusahihisha, kama mtu anayejifunza kutembea kwa kusikiliza, na kila walivyozidi kupanda ndivyo sauti ile ilivyozidi kuwa ya Pimbi, ikapiga mluzi wake, ikakohoa kikohozi chake cha asubuhi, ikacheka, na walipofika penye mwinuko ule ambao Pimbi hakuwahi kuupita bila kutania, ikatania vilevile, maneno yaleyale: "Kaka, mlima umehamishwa usiku, nilikuwa naona uko karibu." Kobe alikuwa amelicheka neno hilo miaka yote. Akalicheka na siku hiyo, kisha machozi yakamporomoka asione njia.

Langoni ukungu ulikuwa unawasubiri. Akasimama, uso kwenye rundo.

"Pimbi?"

"Nipo, kaka."

"Hayupo," alisema Kobe.

"Kaka, si mimi huyu. Geuka unione."

"Pimbi hayupo. Alirudi kuokota kofia ya mgeni, akaanguka korongoni." Akainama kwenye rundo. "Mdogo wangu amekufa. Amekufa, na sikumzika."

Akalitoa lile jiwe kwenye rundo. Lilikuwa baridi likamnata kiganjani. Akalirusha korongoni, akasikiliza lipige chini, hakusikia kitu.

Ile harufu ikasogea nyuma. Nyayo zikasita. Kisha ikaja sauti ambayo haikuwa ya Pimbi wala ya mtu yeyote, sauti tupu kama upepo kwenye ufa, ikauliza taratibu, "Basi mimi nani?"

Kobe hakuijibu. Akajiita, "Kobe?" Akajiitikia, "Nipo." Akaweka jiwe lake, akateremka peke yake, na njia nzima nyuma yake palikuwa kimya, kimya alichokitafuta na ambacho sasa hakujua akifanyie nini.

Blanketi zilikauka. Viganja ukutani vikafifia vikaacha chumvi. Mikono ya Mama ikapata joto, na seremala wa jirani akaja kuipongeza nyumba kwa kunuka gundi tena. Kila mtu alisema mama mtu amepona. Ila Mama mwenyewe alianza kuondoka, si mwili, akili. Alimwuliza Kobe kama baba yake amerudi kazini. Alikataa chakula, kwamba anasubiri watu watimie. Na kila magharibi alibeba kiti chake mpaka mlangoni, akakaa kuutazama mlima, akaita kama mumewe alivyokuwa anaita.

"Pimbi?"

Alingoja. Maseremala walikuwa wanashusha nyundo zao mpaka amalize kungoja. Hakuitika mtu. Akaita tena. Kobe alipokuja kumpeleka kulala, alikuwa bado ameinamisha sikio.

Kobe alivumilia. Alimkumbusha mara ya kwanza, "Mama, Pimbi amekufa," na Mama akalia kama aliyepigiwa simu ya msiba saa ileile. Hakumkumbusha tena.

Kisha ikafika jioni ambayo Mama hakuweza kubeba kiti. Kobe alimbebea, akamkalisha, akasimama nyuma yake. Alikuwa mwepesi, mifupa na kanga. Akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya mwisho wa chungu.

"Pimbi?"

Mkono wake ukapapasa hewani.

"Pimbi?"

Kobe alitazama ule mkono. Ndugu huwa na sauti moja. Ni kuipandisha kidogo tu na kuiharakisha. Akaushika mkono, akasema, "Nipo, Mama."

Mama akafumba macho. Machozi yakapita kwenye mikunjo ya uso kama maji yaliyopata mfereji wake. "Umechelewa," alisema.

"Ukungu, Mama."

"Umekula?"

"Nitakula na wewe. Goti lako linaendeleaje?"

Mama akacheka. Kweli alicheka, akaubana ule mkono kwa nguvu ambayo Kobe hakujua bado anayo, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale Kobe aliona amefanya jambo jema. Angekuwa Pimbi kila jioni. Ingemgharimu nini? Jirani mmoja akaanza kupiga msumari, maisha yakaendelea.

Mama akafumbua macho. Alikuwa ametulia, amekunjua uso, kama kiongozi ambaye hesabu yake iko karibu kutimia.

"Na kaka yako je?" aliuliza. Akainua shingo kuelekea nje, kwenye giza lililokuwa linashuka na mlima. "Kobe?"

Kobe akafungua kinywa. Akiitika, Pimbi atakufa tena mikononi mwake. Akatafuta la kusema. Hakuwa mtu wa upesi, hakuwa hivyo hata siku moja.

Harufu ya jiwe lililoloa ikapanda ngazi za mlangoni. Pale nje ya mlango, bila haraka, kwa sauti ya Kobe mwenyewe, mtu akasema, "Nipo, Mama."

Mama akajisogeza kidogo na kiti chake, ampishe apite.